Maswali Yenu: Shotigani ya Mtumba ya Kuvunjia Visahani

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi mtu wa Mombasa naishi Leicester, wenzangu kazini walinipeleka kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na sasa nimeshikwa kabisa, kila Jumapili niko huko na bunduki ya kukodi. Laiseni ya polisi nimepata na kabati la chuma nishalifunga ukutani. Nataka kuingia mashindano ya sporting (visahani vinavyotoka kila upande), bajeti paundi 1,000. Kuna duka lina mbili used: Miroku MK38 ya trap, inchi 30, choki (ule ufinyo wa mdomo wa mtutu) hazitoki, ni robotatu na fulu, wanataka 750. Ingine ni Beretta 686 ya kuwindia, inchi 28, choki za kubadilisha, nyepesi, imechorwa vizuri, 950. Alafu kuna mzee hapo klabu ana ya Kiingereza ya mitutu sambamba, ya babu yake, ananipa kwa 300. Nichukue ipi?
Msomaji, Leicester

JIBU: Salama mdogo wangu. Tuanze na ya mzee manake hiyo ni rahisi: mshukuru, kunywa naye chai, muachie bunduki yake. Nyingi za zamani za Kiingereza zilitengenezwa kwa katriji fupi za milimita 65 na katriji za visahani unazonunua leo ni 70, sasa ukiingiza ndefu kwenye chemba fupi (pale katriji inapokaa) inaingia vizuri tu bila kulalamika, shida inakuja ikifyatuka, presha inapanda mahali isipotakiwa. Hata kama chemba ni ya 70, bunduki ile ni nyepesi, ilitengenezwa mtu apige ndege wachache na kurudi nyumbani, si visahani 100 kwa siku moja. Bega lako litakuambia.

Sasa hizo mbili za dukani. Ukweli ni kwamba zote mbili ni bunduki nzuri na zote mbili si za mchezo wako. Trap, kisahani kinatoka mbele yako kikienda mbali huku kinapanda, kwa hiyo bunduki ya trap kitako chake kiko juu kidogo na marisau (vile vipunje vya katriji) yanatua juu ya pale unapoangalia, makusudi kabisa, ili usikifunike kisahani na mtutu. Kwenye sporting kuna kinachovuka, kinachoshuka, kinachokujia usoni, hadi kile cha sungura kinachobingirika chini, na vingi kwa bunduki hiyo utavipita kwa juu ukabaki unajiuliza umekosea wapi. Na choki ya fulu, ile ya kubana kuliko zote, kwa kisahani kilicho mita 20, duara la marisau ni dogo mno, ukipata unakisaga unga, ukikosa umekosa.

Beretta ya kuwindia nayo tatizo lake ni uzito. Nyepesi ni raha ukiibeba shambani siku nzima, lakini kwenye visahani unataka kitu cha kilo 3 na nusu au zaidi, kinachoteleza bila kusitasita na kinachomeza teke la katriji ya gramu 28, ambayo ndo mwisho unaoruhusiwa kwenye mashindano ya klabu huko Uingereza. Mitutu mifupi myepesi inaanza haraka na inasimama haraka, na kusimamisha mtutu kabla ya kufyatua ndo ugonjwa wa wanaoanza wote.

Ingekuwa mimi ningesubiri. Tafuta MK38 ya sporting, au Beretta 686 ya sporting, au Browning B525, ambayo by the way inatoka kwa hao hao Miroku kule Japani hata kama jina ubavuni ni la Browning. Inchi 30, choki za kubadilisha, chuma cheusi kisicho na maua. Maua unayalipia na hayavunji kisahani hata kimoja. Lakini ukinibana kabisa niseme kati ya hizo mbili, basi Miroku, manake 250 zinazobaki zinatosha kumpa fundi bunduki afungue choki (aipanue) na kitako akipunguze kidogo ukikihitaji. Na hiyo choki utaifungua tu siku moja, serikali ya huko ilitangaza 2025 kwamba katriji za madini ya risasi zinaondolewa kwa awamu, na marisau ya chuma huyapitishi kwenye choki ya fulu, nusu ndo mwisho.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, bunduki ikukae. Hakikisha ni tupu, mwombe mwenye duka ruhusa, chagua kitu salama ukutani, fumba macho, ipandishe begani kama kawaida yako alafu fumbua. Jicho linatakiwa liwe katikati ya ule utepe wa juu ya mtutu. Ukiona umetazama kisogo cha leva ya kufungulia bunduki tu, kitako kiko chini sana kwako, ukiona utepe wote kama barabara inayopanda mlima, kiko juu. Rudia mara kadhaa bila kujirekebisha shingo, manake shingo inajifunza kudanganya upesi sana. Na kama duka lina uwanja, omba ufyatue kwenye bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe uone marisau yanatua wapi, hapo ubishi wote unaisha.

Alafu kagua. Toa ule ubao wa mbele, funga bunduki, shika kitako uitikise taratibu, ikigonga gonga bawaba imelika. Angalia leva ya juu, ikiwa mpya inakaa kulia ya mstari wa katikati na kadiri inavyotumika inasogea kushoto, ikishavuka sana katikati ujue kuna bili ya fundi inakuja. Si mwisho wa dunia, Beretta ina vipini viwili vya pembeni ambavyo hubadilishwa vikawekwa vinene zaidi, Miroku ina kipini kizima kinachopita chini ya mtutu, zote hutengenezeka, ila iwe kwenye bei.

Toa mitutu, ielekeze dirishani, chungulia. Utaona pete za kivuli zimepangana ndani, ziwe mviringo safi. Pete ikivunjika au kujipinda mahali hapo pamebonyea au pamevimba. Kubonyea fundi anaweza kunyoosha, kuvimba achana nayo. Ning'iniza mitutu kwa kidole ugonge na kifundo cha mkono, itoe mlio mrefu, ikijibu kama sufuria yenye ufa basi utepe umeachia mahali. Tazama na skrubu, vichwa vikiwa vimetafunwa kuna mtu asiye fundi amepita humo.

Kitu kingine, ukijaribu triga ya Beretta hiyo na katriji bandia, ukavuta ya kwanza ikalia na ya pili ikakataa, usiseme ni mbovu. Inangoja teke la kwanza ndo ihamie mtutu wa pili. Piga kitako na kiganja alafu vuta tena.

Ukinunua, muuzaji anaiandika kwenye laiseni yako na una siku 7 kuwajulisha polisi. Usizichezee hizo siku.

SWALI: Mimi natumia bega la kulia ila jicho la kushoto ndo lenye nguvu. Mume wangu ananiambia nifumbe tu, nikifumba zinazovuka zote zinanipita. Ninunue bunduki ya mashoto?
Mama wawili, Birmingham

JIBU: Dada, shemeji kakosea kidogo. Ukifumba jicho unapoteza kipimo cha umbali na mwendo, ndo maana zinakupita. Bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, pale tu jicho linapokutana na mtutu, macho yote yabaki wazi. Kama bado ni mgeni wa mchezo, jaribu bega la kushoto kwa bunduki ya klabu kabla hujanunua chochote, wengine wanazoea upesi kuliko wanavyodhani. Ukihamia huko, jua kwamba vitako vingi vya mtumba vimepindishwa kidogo kulia kwa ajili ya wa kulia, kwa hiyo tafuta cha mashoto au kilichonyooka. Kujua ni rahisi: ikiwa tupu na imefunguliwa na kuangaliwa, ifunge, simama nyuma ya kitako uangalie mstari wake na utepe.

SWALI: Semi-oto (za mtutu mmoja zinazojipakia zenyewe) za mtumba ni bei poa kuliko za mitutu miwili, kuna ubaya?
Mdau, Coventry

JIBU: Hakuna, na teke lake ni laini. Kwa laiseni ya kawaida ya shotigani huko Uingereza iwe ile isiyobeba zaidi ya katriji mbili kwenye magazini. Ifungue uone kama mwenyewe alikuwa anaisafisha pistoni ya gesi, ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni punguza bei. Watu wa klabu wanapenda ya kukunjwa katikati kwa sababu wanaiona tupu kwa mbali, kwa hiyo nunua na kile kibendera cha kuchomeka kwenye chemba, bila hicho watakusumbua kila stendi ya kupigia.