Mbwa Umemchukua Wewe, Anayemtunza ni Mama Mkwe

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka mitatu katika ndoa, tunaishi Iyumbu hapa Dodoma na bado hatujajaliwa mtoto. Mume wangu anafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na safari zake za mikoani haziishi. Mwezi uliopita tuliamua kuchukua mbwa katika kituo cha kuokoa wanyama huko Arusha, nikajaza fomu zote mwenyewe kwa kuwa mume wangu alikuwa Kigoma kikazi. Bobi ni mbwa mzima aliyeokotwa barabarani, nami nilitaka aonje upendo. Nilimwekea godoro sebuleni, nikawa namwogesha kila Jumamosi na kumnunulia chakula cha dukani. Tatizo ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Mvumi kutibiwa magoti na haelekei kuondoka. Tangu siku ya kwanza alisema mbwa halali ndani wala halishwi barazani. Wiki hii Bobi alimgusa kidogo kwa meno mtoto wa jirani aliyemsogelea wakati anakula. Mama akalikuza jambo, akamwosha mtoto mguu kwa sabuni muda mrefu mbele ya majirani, akampeleka zahanati, na sasa amemfunga Bobi kamba chini ya mwarobaini akidai bwana mifugo ameagiza siku kumi. Anampa ugali wa dona na dagaa asubuhi na jioni, na maji kwenye sufuria kuukuu. Usiku Bobi akilia mimi namwita bila mafanikio, lakini mama akikohoa tu hunyamaza. Nimesoma kwamba ipo sheria ya ustawi wa wanyama na nafikiria kumshtaki. Mume wangu anasema nimwache mama yake. Nimwambieje ili achague kati yangu na mama yake?*
*Mpenda Wanyama, Iyumbu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke wa nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini kila wiki; hilo naliamini na nitalirudia. Kwa hilo la kumshtaki mama mkwe wako, hata hivyo, sina pole ya kukupa. Nimeisoma barua yako nikitafuta kosa la huyo mama na sikuliona, ingawa mwandishi ni wewe na ulikuwa na nafasi yote ya kumpaka matope.

Tuanze na lile ulilolipitisha haraka. Unasema Bobi "alimgusa kidogo kwa meno" mtoto wa watu. Mbwa hagusi kwa meno, mwanangu. Mbwa huuma, na mtoto wa jirani ameumwa na mbwa wako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ninachokiogopa hapa si chako bali cha mama wa yule mtoto. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa, hupenya kwenye jeraha, kisha husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, pengine kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba ya kutegemewa. Ndiyo maana jambo la kwanza linaloagizwa ni kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na la pili ni kuwahi kituo cha afya ili mganga aamue kuhusu sindano. Mama mkwe wako, mwenye magoti mabovu, aliyafanya yote mawili kwa utaratibu wake, na akamfikisha mtoto zahanati kwa miguu hiyo hiyo. Wewe ulikuwa wapi? Barua haisemi, ila inaonyesha kwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuona majirani wakitazama na kuona aibu.

Siku kumi hizo nazo hazikutungwa na mama huyo ili akukomeshe. Mbwa aliyemuuma mtu hutengwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye virusi vimekwisha kufika kwenye mate yake huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya muda huo. Akizimaliza akiwa mzima, anakula na kuchezacheza, inajulikana kwamba siku alipouma hakuwa anaambukiza. Mtoto hasubiri siku hizo ziishe ndipo atibiwe. Akiwa ameanzishiwa sindano, anazifuata kwa tarehe alizopangiwa na haziachi katikati mpaka mganga mwenyewe aseme zinatosha, na gharama ya sindano pamoja na nauli ya mzazi ni juu ya mwenye mbwa. Sijaona popote katika barua yako neno moja kuhusu hali ya mguu wa mtoto huyo, lakini habari za sufuria kuukuu nimezipata zote.

Sasa twende kwenye sheria yako. Ni kweli ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na nakusifu kwa kuisoma, ila uliisoma ukimtafuta mkosaji mwingine. Wajibu wa kumtunza mnyama unamwangukia kwanza mwenye mnyama, na jina lililo kwenye fomu za Arusha ni lako. Hebu tumweke mama mkwe kizimbani kwa ushahidi wako mwenyewe: mbwa yuko kivulini, ana maji, anakula mara mbili kwa siku, ametengwa na watoto kwa agizo la bwana mifugo. Hakimu gani atakusikiliza? Kitu kimoja tu nitakuunga mkono. Kamba si ya maisha. Zile siku zikiisha salama, Bobi afunguliwe atembee uani, kwani mbwa anayeshinda amefungwa mwaka mzima huwa mkali zaidi; na kama nyumba yenu haina uzio, kama zilivyo nyumba nyingi za huko kwenye viwanja vipya, basi uzio ndio ulipaswa kutangulia kabla ya mbwa.

Umeandika "tuliamua", halafu katika sentensi hiyo hiyo mumeo yuko Kigoma na fomu unazijaza peke yako. Nani hao waliokuwa wakiamua? Vituo vya aina hiyo huwa vinauliza nyumbani kuna nani, kuna watoto, kuna uzio, na je, kila mtu wa nyumba hiyo ameridhia. Sijui ulijibu nini, ila nadhani unajua wewe. Wanauliza kwa sababu mbwa aliyekwisha kutelekezwa mara moja akirudishwa kwa kuwa familia haikuelewana, mara ya pili huwa vigumu zaidi kumpatia kwao, naye huendelea kupoteza imani kwa binadamu. Mumeo alirudi kutoka safari akakuta kiumbe kimelala sebuleni kwake, akanyamaza, nawe ukahesabu ukimya huo kuwa ridhaa. Wanawake wenzangu, tunapenda sana kuzihesabu kimya za waume zetu kwa namna inayotufaa.

Mbwa mzima aliyeokotwa barabarani ana historia ambayo hakuna fomu inayoweza kuieleza. Inawezekana alipigwa kwa ufagio, na huenda akakimbia ukifagia. Inawezekana alishinda njaa, ndiyo maana anauma anayesogea wakati anakula. Amesafirishwa kutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa, akashushwa kwenye upepo na vumbi la Dodoma, akapewa jina, godoro, maji ya kuoga na mapenzi mengi kwa wakati mmoja, bila kujua kesho atakuwa wapi. Watu wa vituo hivyo wana kauli yao ya siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku za kwanza mbwa huwa na hofu na hata kula hukataa, wiki zinazofuata huanza kushika ratiba ya nyumba na kuonyesha tabia zake halisi, nzuri na mbaya, na huchukua miezi kabla hajaamini kwamba hapo ndipo kwake. Hiki ni kipimo cha jumla, wapo wanaochelewa zaidi. Bobi ana mwezi mmoja tu kwako. Hakuhitaji kubembelezwa, alihitaji kona moja tulivu, chakula kwa saa ile ile, mtu mmoja wa kumwongoza, na kulishwa peke yake nyuma ya nyumba ambako mtoto hapiti. Mama mkwe wako alisema siku ya kwanza kwamba mbwa halishwi barazani. Ungemsikiliza, mguu wa yule mtoto ungekuwa mzima.

Unashangaa kwa nini Bobi anamtii. Mama aliyekulia Mvumi, katika tembe, miongoni mwa Wagogo wanaochunga ng'ombe na mbuzi kwa msaada wa mbwa, mahali ambapo mbwa hulala karibu na zizi ili abweke fisi akikaribia, amewaona mbwa wengi kabla wewe hujazaliwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Hapigi kelele, habadilishi neno lake, analeta chakula asubuhi na jioni bila kukosa, na kikohozi chake kina maana moja kila siku. Kwa mbwa aliyezoea maisha ya kubahatisha, hiyo ni raha kubwa kuliko godoro. Wewe leo unamkumbatia, kesho umekasirika na mama yake mumeo unampita bila kumtazama, halafu usiku unamwita aje akufariji. Mnyama huyo akuelewe vipi?

Kuhusu kuogesha kila Jumamosi nitapita haraka. Huo ni mji wenye mgao wa maji, ngozi ya mbwa hukauka kwa kuoshwa mno, na madumu ya maji unayommwagia yanatosha kufulia shuka za mgonjwa aliye ndani. Aogeshwe akichafuka au akihitaji dawa ya kupe, basi. Ugali wa dona na dagaa haujamwua mbwa, almradi usiwe na vitunguu, naye asitupiwe mifupa ya kuku iliyopikwa kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Nimebakiza lile la moyo wako. Bobi yumo karibu katika kila mstari wa barua hii, na mumeo anatajwa kwa kazi yake, safari zake na ukali wa kumtetea mama yake. Hujajaliwa mtoto, umekaa kwenye nyumba mpya katika mtaa ambao kila mtu ni mgeni, mume anarudi usiku au harudi kabisa. Wanandoa wa siku hizi nawaona wakifanya hivyo kila mahali: mazungumzo yakikauka wananunua kitu, televisheni kubwa, gari la mkopo, kiwanja Ihumwa, sasa mbwa, na kile kitu kinabebeshwa kazi ya mume au ya mke hadi kinashindwa. Mumeo naye si malaika. Mtu anayeacha mke na mama yake mgonjwa nyumba moja bila kuwakalisha chini wakaelewana, kisha akamaliza ugomvi kwa "mwache mama yangu", amekwepa kazi yake. Mwambie hivyo kwa upole akirudi, ukianza na upweke wako na habari ya mtoto mnayemngoja, kwa kuwa nadhani hilo la mtoto hamjawahi kulizungumza hadi mwisho. Usithubutu kumwambia achague. Mwanamume wa Kigogo akiambiwa achague kati ya mke na mama yake aliyekuja na magoti yanayouma, jibu unalijua, na mimi nikiwa jirani yenu ningelipigia makofi.

Leo hii, kabla jua halijazama, nenda kwa jirani pamoja na mama mkwe. Aongee yeye kwanza, maana wanamheshimu, kisha wewe uombe radhi kwa kinywa chako na kuuliza tarehe za sindano za mtoto. Beba kadi ya chanjo uliyopewa kituoni umwonyeshe bwana mifugo. Akiona tarehe imepita au muhuri haupo, fuata maelekezo yake ya kitaalamu. Kuanzia hapo chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kwa wakati kama kadi inavyoelekeza, na kama wewe ni msahaulifu, shika Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iwe siku yako ya kukagua kadi hiyo kila mwaka. Uliza pia kama amehasiwa na lini apewe dawa ya minyoo. Fundi aje atengeneze banda lenye paa mahali pasipopigwa na upepo, na fedha za chakula cha dukani ziingie kwenye gharama hiyo. Mama akuonyeshe anavyomlisha, nawe ushike zamu ya asubuhi, kwa saa ile ile na kwa sauti ile ile, bila kumlilia.

Ikiwa baada ya miezi michache Bobi bado anatishia watoto, au mumeo akisema kwa kinywa chake kwamba hamtaki, piga simu kituoni Arusha uwaeleze ukweli wote, pamoja na habari ya kuuma, ili wasimkabidhi kwenye nyumba nyingine yenye mtoto mdogo. Usimgawe kwa mlinzi wa jirani wala usimwachie porini njia ya Kondoa. Wakikubali kumpokea, mpeleke wewe mwenyewe na kadi yake mkononi, usimtume dereva wa lori.

Shangazi