Stroberi zilizopinda: usiagize nyuki wa Ulaya

Dada, umeuliza kama uagize wale nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, kwa kuwa stroberi zako za Lushoto zinatoka zimepinda. Nakusihi usiagize. Si wa asili huku kusini mwa Sahara, na wanaweza kuwaletea nyuki wetu magonjwa.

Sifa zao ni za kweli: hutoka kwenye baridi na ukungu, nyuki wa asali wakiwa bado wamejikunyata mzingani. Tena huling'ang'ania ua na kulitikisa kwa mvumo mpaka chavua imwagike, ndiyo maana wakulima wa bluberi huwapenda. Stroberi haihitaji mtikiso huo.

Shika tunda moja lililopinda ulitazame. Upande uliobonyea, vile vimbegu vya juu vimebaki vidogo na vimesongamana: havikupata chavua, basi na nyama ya pale haikujaa. Ua linataka kutembelewa mara nyingi, na mzinga mmoja wa nyuki wa asali una maelfu ya vibarua. Weka miwili, mbali na njia ya watoto maana wetu wakali. Dawa ipigwe jioni, nyuki wakisharudi, na jirani umwambie hivyo hivyo.