Pumzi ipo, mkono umegoma: kinachokupata seti ya tatu

Mkuu, umeuliza kwa nini seti mbili za mwanzo unacheza tenisi vizuri, halafu ya tatu mipira inaishia kwenye neti wakati pumzi bado unayo. Hilo limenitesa miaka miwili hapa Mbeya. Nilikuwa nalaumu raketi, nimebadilisha nyuzi mpaka basi.

Siku moja mwenzangu akaegesha simu kwenye benchi, akarekodi mechi nzima. Usiku naangalia, aibu tupu. Sevu (mipigo ya kuanzisha pointi) za mwanzo mpira naurusha juu, magoti yanakunjika, naupiga mkono umenyooka. Seti ya tatu magoti yamesimama kama nguzo, mpira naupiga umeshashuka. Kasi haikupungua sana, shabaha ndiyo iliyokufa. Miguu ilichoka kwanza, mkono ukaachiwa kazi isiyo yake.

Uchovu wenyewe una sehemu mbili. Kwenye msuli, ukiukaza kwa nguvu mara nyingi fosfeti, mabaki ya nishati iliyotumika, inajaa ndani, na kalsiamu inayouamuru ujikaze inatoka kidogo. (Ile "asidi" ya laktiki mnayoisingizia uchovu kila siku haina kosa kubwa hivyo.) Sehemu ya pili iko juu: ubongo na uti wa mgongo vinapunguza amri. Wataalamu humwambia mtu akaze kwa nguvu zote, kisha wanaushtua msuli kwa umeme kidogo. Nguvu ikiongezeka, ujue akiba ilikuwepo, haikuagizwa tu. Tena msuli uliochoka unaupa ubongo taarifa mbovu za mkono uko wapi, ndiyo unajikuta unapiga kwa fremu ya raketi badala ya nyuzi.

Mimi nilishtuka siku niliyoshindwa kuzungusha ufunguo kwenye kufuli la geti baada ya mechi. Vidole vinatetemeka, jirani akanifungulia. Kumbe raketi nilikuwa naikamua kama panga la kufyekea.

Na huku kwetu tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpira unakimbia zaidi, oksijeni unapata pungufu. Ipo mipira maalumu ya viwanja vilivyozidi mita 1,219, ila sisi tunapiga iliyopo. Mgeni wa Dar gemu nne tu anashika kiuno.

Kilichonisaidia ni sekunde 25. Sheria inakupa hizo kati ya pointi na pointi, na 90 mkibadilishana upande, na akiba ya nishati ya haraka ya msuli inarudi kwa sehemu kubwa humo humo. Sisi kwa sababu ya foleni ya wanaosubiri kiwanja tunaokota mpira na kusevu hapo hapo. Siku hizi natembea hadi kwenye uzio, raketi naihamishia kushoto, vidole nalegeza. Wanaopiga kelele nje wapige. Seti ya tatu nasevu robo tatu ya nguvu kupitia katikati, neti ndiko iliko chini, sentimita 91.4. Chai ya Rungwe yenye sukari ya kutosha nayo inanisogeza. Juni na Julai sivui koti mpaka mechi ianze, maana mishipa ya fahamu ikipoa inapeleka amri polepole.

Mpini wa raketi yako ni mwembamba? Nao unakulazimisha kukamua. Rekodi hiyo seti ya tatu peke yake uiweke hapa, tuanze na magoti.