Nimesasisha kifaa, mbona gita linasikika vilevile?

SWALI: Fundi, habari. Napiga gita la solo kanisani, na benga kwenye harusi nikiitwa. Nina HX Stomp ya mkono wa pili, kile kifaa cha mguuni kinachoiga ampi na spika, na sauti zangu zote nilizihifadhi zamani. Juzi nimeisasisha kwa sababu watu wanasifu spika zake mpya. Nimewasha, sauti ni ile ile. Nimekosea wapi?
Mpiga solo, Kayole

JIBU: Hujakosea, ndugu yangu. Line 6, watengenezaji wake, walipoleta spika mpya kwenye toleo la 3.50, mwaka 2022, zile za zamani hawakuzifuta. Walizihamishia kwenye kundi la Legacy, yaani la zamani, na sauti ulizokuwa umehifadhi zikabaki nazo. Ni makusudi: nani anataka kupanda jukwaani Jumapili akute gita limegeuka? Wenye Axe-Fx ya Fractal, kifaa kingine cha aina hiyo, wana yao. Huko ampi ikiboreshwa, sauti za zamani hubadilika nayo.

Basi spika utazibadilisha mwenyewe, sauti moja moja. Hapa ndipo wengi huchemsha. Wanatoa spika kuukuu, wanaweka mpya, wanaacha mengine yote yalivyo, kisha wanalalamika gita limefifia. Sauti ya zamani imejaa dawa za ugonjwa uliokwisha kupona. Wengi wetu tulikuwa tunakata ukali kuanzia hezi 5,000 hivi, halafu tunapandisha trebo kwenye ampi kufidia tulichokata. Ondoa yote hayo kwanza. Rudisha ampi kwenye mipangilio yake ya kawaida, fungua ule mkato wa ukali, ndipo uweke spika mpya.

Ukali sasa unautibu kwa maiki ya kuigiza iliyomo ndani ya kifaa. Isogeze kutoka katikati ya spika kuelekea ukingoni, kidogo kidogo, huku ukipiga nyuzi nyembamba juu kabisa ya shingo. Ukifika mahali noti haichomi lakini bado inatoka, simama hapo. Kama bado inachoma, ilaze digrii 45. Kwa solo ya benga usiende mbali sana ukingoni. Gita lile linaishi huko juu, na ukilinyima juu besi italimeza.

Fanya haya kwenye nakala, ya zamani ibaki pembeni. Kabla ya kulinganisha, sawazisha kiwango cha sauti, maana inayopiga kwa nguvu zaidi huonekana tamu hata kama si tamu. Tena sikiliza kwa spika za kanisa, hedifoni zitakudanganya.

Halafu kuna zawadi ambayo huenda hujaiona: tangu toleo la 3.0 Stomp inabeba vipande 8, kama ampi au efekti, kwenye sauti moja badala ya 6. Kompresa (ile ya kusawazisha nguvu za noti) uliyoitoa kwa kukosa nafasi, irudishe.

Anza na ile sauti safi ya kila Jumapili. Za majaribio ziache zilivyo. Na siku nyingine ukisasisha, hifadhi kila kitu kwanza kwa HX Edit, programu yake ya kompyuta, wala usifanye Jumamosi usiku mvua ikinyesha. Stima za Nairobi unazijua.