Kabla ya kulaumu mita, uliza joto limeenda wapi

Nafundisha fizikia hapa Nakuru, na majirani wa ploti wakiona tokeni za stima zimeisha mapema huja kuniuliza kama mita imeharibika. Mara nyingi mita ni nzima. Ninawaambia kile ninachowaambia wanafunzi: nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika umbo tu. Yuniti uliyonunua iko mahali, na karibu kila mara imegeuka joto lililotoroka.

Kwa hivyo anza na vyombo vinavyopasha moto. Chaja ya simu iache. Yuniti moja ni jouli milioni 3.6, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Hita ya bafuni ya kilowati 5 huimaliza kwa dakika 12, ilhali yuniti hiyohiyo ingechaji simu ya kawaida zaidi ya mara 40. Kuna nyumba mtoto hugombezwa kwa kusahau chaja ukutani huku baba mtu yuko bafuni nusu saa nzima, anaimba.

Kupasha maji ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani. James Joule, Mwingereza ambaye jouli ilipewa jina lake, alionyesha miaka ya 1840 kwamba uzito unaoshuka ukizungusha mapangaboi ndani ya maji, maji hupata joto, ila kidogo mno. Hesabu ya kwetu ni hii. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, basi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kutoa lita moja kwenye nyuzi 20 hadi hapo kunahitaji jouli 310,000 hivi. Kule Sondu Miriu, upande wa Kisumu, maji ya mto hushushwa karibu mita 200 ili yazungushe mitambo ya stima, na kila lita inaposhuka hutoa jouli zisizofika 2,000. Lita zaidi ya 150 zinateremka mlima ili wewe uchemshe lita moja ya chai, na bado sijatoa kinachoishia kwenye nyaya njiani.

Jikoni ndiko ninakobishana na watu. Maharagwe yakishaanza kutokota, moto mkali hauyaivishi haraka. Katika sufuria ya kawaida maji yanayochemka hayapandi joto tena, hata uwashe meko yote. Nishati ya ziada inayageuza kuwa mvuke, na hapo ndipo gesi inapoliwa: lita moja ya maji yanayochemka huhitaji jouli zaidi ya milioni 2.2 ili yote iwe mvuke, mara saba ya zile zilizoichemsha. Ukiona kioo cha dirisha kinatiririka maji na wewe unaongeza maji sufuriani kila mara, mtungi unaisha bure. Funika, upunguze moto mpaka yatokote kwa mbali tu. Anayetaka joto lipande kweli anunue sufuria ya presha. Mvuke ukifungiwa, maji huvuka nyuzi 110, na kwa sisi wa nyanda za juu tofauti hiyo ni kubwa.

Asiye na uwezo wa kuinunua ana kikapu. Loweka maharagwe usiku, yachemshe asubuhi, kisha sufuria yenye kifuniko uizungushie blanketi kuukuu ndani ya kikapu na uende kazini. Joto haliongezeki humo, linacheleweshwa tu kutoka, na hilo latosha kuivisha. Ila usiyafungie mapema. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la wastani haliiondoi, kwa hiyo lazima yatokote sawasawa angalau dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni. Mimi, kwa sababu ya nyuzi zetu 94, huyaacha hadi dakika 30.