Ada laki na nusu, dada analipwa laki na thelathini: hela inakwenda wapi?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Nakaa Kimara, nafanya kazi ya ankara kwenye kampuni moja mjini. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 iliisha mwanangu ndiyo kwanza anakaza shingo, nikampeleka kituo cha kulelea watoto mchana jirani na nyumbani. Sasa ana miezi saba. Ada ni 150,000 kwa mwezi, pampasi na maziwa napeleka mwenyewe. Mshahara ukishakatwa makato nabaki na 430,000.

Wiki iliyopita mwendokasi ulinichelewesha, nikafika saa moja na nusu usiku. Nikamkuta dada anayemlea amekaa naye kwenye ngazi, kamfunika khanga yake asing'atwe na mbu. Tukaongea, akaniambia analipwa 130,000. Shangazi, mimi peke yangu natoa zaidi ya anachopata yeye mwezi mzima! Chumba cha wachanga wako kumi na wawili, wanalelewa na akina dada watatu. Nimepiga hesabu, ni 1,800,000. Hela inakwenda wapi? Nimhamishe mtoto?

*Mama wa mmoja, Kimara*

JIBU

Marahaba mwanangu. Swali lako nimewahi kuulizwa uso kwa uso, getini, maana kabla ya kuandika ukurasa huu niliendesha kituo Tabata kwa miaka tisa. Wazazi waliniuliza mbona ada kubwa, na tarehe za mshahara walezi wakaniuliza mbona kidogo. Wote walikuwa na haki ya kuuliza. Daftari langu ninalo bado, acha nikufungulie mwezi mmoja wa mwaka 2018.

Nilikuwa na watoto 32, ada 90,000. Wakilipa wote ni 2,880,000. Kodi ya nyumba 600,000, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 3,600,000, ambazo nilikopa kikoba na kurudisha na riba. Chakula, kuanzia uji wa saa nne hadi wali wa mchana, hakikushuka chini ya 1,000 kwa mtoto kwa siku. Kwa siku 22 ni 704,000. LUKU na maji 120,000. Gesi, sabuni na dawa ya kudekia 150,000. Walezi wanne kwa 180,000 kila mmoja, mpishi 150,000, mlinzi 130,000, jumla 1,000,000 kamili, na juu yake asilimia kumi ya mwajiri kwenda NSSF. Jumlisha utapata 2,674,000. Zinabaki 206,000, na hapo sijagusa leseni, ukaguzi, rangi ya ukuta wala mshahara wangu mimi.

Hiyo ni kama wote wamelipa. Mwezi ule watano waliniambia, "Mama, wiki ijayo." Watano ni 450,000. Nikafunga mwezi nikiwa na pengo la 244,000, na walezi wawili wakangoja mshahara hadi tarehe 9. Mmoja wao akaondoka kwenda kuuza kwenye duka la vitenge Kariakoo kwa nyongeza ya elfu thelathini tu. Alikuwa akimlea mtoto mmoja aliyezoea kulala mgongoni mwake. Yule mtoto alimtafuta mlangoni karibu wiki mbili, akisikia geti anageuza shingo. Kila nikikumbuka naumia, kwa sababu namjua niliyemwangusha.

Sasa sikiliza kiini chake. Fundi cherehani akipata mashine ya umeme atashona magauni matano badala ya mawili, ataongeza kipato bila kumwongezea mteja bei. Mlezi hana mashine hiyo. Nenda chumba cha wachanga saa tano asubuhi umwangalie dada wa mwanao: mmoja mgongoni kwa mbeleko, mmoja pajani anabeulishwa baada ya maziwa, wa tatu amechafua pampasi na analia, wa nne ana joto na lazima mtu amguse paji kila baada ya muda mfupi. Huyo huwezi kumpa watoto wanane ukasema kazi imeenda haraka. Watoto wanne ndio mwisho wa mikono yake, na ada za hao wanne, 600,000, ndizo zinazoingia kwa jasho lake. Humo itoke kodi, umeme, mpishi, mlinzi, ndipo yeye. Ukipandisha ada, mama mwenye 430,000 anamtoa mtoto. Ukiishusha, dada anakosa nauli.

Na ipo sababu nyingine ya ada kutopanda: kituo kinashindana na binti wa kazi anayelala nyumbani kwa mwajiri, ambaye kima chake cha chini kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 60,000 kwa kaya za kawaida. Tumezoea kudhani kulea si ujuzi, kwamba kila msichana aliyewahi kubeba mdogo wake anajua. Kutambua mapema dalili za hatari kwa mtoto mgonjwa, hilo si la kuzaliwa nalo.

Lakini nikuulize, mwanao akifika miaka mitano atakwenda darasa la awali shule ya serikali. Huko hakuna ada tangu 2016. Je, mwalimu wake hana mshahara? Anao, na tunaulipa wote kwa kodi zetu, hata asiye na mtoto. Mwenye miezi saba, anayehitaji mikono mingi zaidi, tumemwachia mama yake peke yake na mshahara wake wa mwanzo wa ajira. Jimbo la Quebec kule Kanada lilianza mwaka 1997 kuchangia vituo, mzazi akawa analipa dola tano kwa siku na serikali inamalizia. Sisi tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Natamani mshahara wa mlezi uingie humo kama mstari wa bajeti.

Hayo yote hayamsafishi mwenye kituo chako. Kwangu mishahara na NSSF zilichukua 1,100,000, yaani kati ya kila shilingi mia za ada, 38 zilikwenda kwa wafanyakazi. Chumba cha mwanao, dada watatu kwa 130,000 ni 390,000 kati ya 1,800,000, shilingi 22 kwa mia. Hata ukiongeza fungu la mpishi na mlinzi, bado ni kidogo, na maziwa mnaleta wenyewe. Huenda ana kodi kubwa ya nyumba au wazazi wengi wasiolipa. Aseme.

Usimhamishe mtoto kwa hasira. Amekwisha kumzoea dada. Ongea na wazazi wenzako wawili watatu, mwombeni mwenye kituo kikao, mumuulize mambo mawili: kodi ya nyumba ni shilingi ngapi, na je, akina dada wanachangiwa NSSF. Usimtaje dada kuwa ndiye aliyekwambia, atafukuzwa. Wewe nawe lipa ada tarehe mosi, na ukichelewa hadi saa moja na nusu, mpe dada nauli ya bodaboda mkononi, maana basi la kwao limeshampita. Na kazini, sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ukizitumia jioni hutamkuta tena kwenye ngazi.

Kikao kikishafanyika niandikie alichojibu.