Maswali ya Wasomaji: Chaji, Bafa na Glaikolisisi

Swali: Nimekariri majina na vifupisho vya asidi amino zote 20, lakini nikipewa peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) na kuulizwa chaji yake kwenye pH 7, nakwama. Nakosea wapi?

Jibu: Kwa swali la chaji unahitaji 7 tu, zile ambazo mnyororo wake wa pembeni hushika au kuachia protoni. pKa zake, yaani pH ambapo nusu imeshika protoni na nusu imeachia, ni takriban hizi: aspateti 3.9, glutameti 4.1, histidini 6.0, sisteini 8.3, tairosini 10.1, lisini 10.5, ajinini 12.5. Ongeza ncha mbili za peptidi: kaboksili karibu 3, amino karibu 8.

pH ikiwa chini ya pKa, sehemu kubwa ya kundi hilo imeshika protoni. Ikiwa juu, imeachia. Hapa ndipo wengi huteleza: kushika protoni si lazima kuwe na chaji chanya. Kaboksili iliyoshika protoni haina chaji. Amino iliyoshika ndiyo yenye chaji chanya.

Chukua lisini-glisini-aspateti-histidini, uichore kwa mkono. Kwenye pH 7 mnyororo wa lisini una +1, aspateti −1, ncha ya kaboksili −1. Kwa ncha ya amino, pH 7 iko kipimo 1 chini ya pKa yake, kwa hiyo ina +0.9; kwa histidini iko kipimo 1 juu ya pKa, imebaki na +0.1. Jumla ni sifuri. Ukipata jibu tofauti sana, huenda umehesabu amino na kaboksili za ndani. Hizo zimekwisha kuungana kwenye vifungo vya peptidi na hazina chaji tena.

Swali: Tulitengeneza bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike kirahisi) ya Trisi, milimolari 50, pH 8.0 kwenye nyuzi 25. Kwenye chumba cha nyuzi 4 ikasoma 8.6. Kipima pH ni kibovu?

Jibu: La, kama kilisawazishwa vizuri, basi kimesema kweli. pKa ya Trisi hushuka kwa karibu 0.03 kila joto linapopanda nyuzi 1, na hupanda kwa kiasi hicho bafa inapopoa. Tofauti ya nyuzi 21 inatosha kuleta hiyo 0.6, na kimeng'enya kinachotaka pH 8.0 kitaanza kuzembea bila wewe kujua sababu. Rekebisha pH bafa ikiwa kwenye joto lile lile utakalofanyia kazi.

Kwa lita 1, yeyusha gramu 6.06 za Trisi kwenye maji mililita 800, punguza pH kwa asidi ya haidrokloriki tone kwa tone, kisha ndipo ujaze hadi mililita 1000. Ukijaza kwanza, asidi itazidisha ujazo na bafa itakuwa nyepesi kuliko ulivyoandika. Ukipitiliza pH, usirudishe kwa sodiamu haidroksaidi, maana unaongeza chumvi. Anza upya.

Swali: Lazima nikariri hatua zote 10 za glaikolisisi (njia ya seli ya kuvunja glukosi)?

Jibu: Mwishowe ndiyo. Anza na ya 1, 3 na 10, zisizorudi nyuma. Seli hudhibiti njia nzima hapo. Ya 1 na ya 3 hutumia ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) moja moja kwa kila glukosi. Ya 7 na ya 10 hutoa mbili mbili, kwa sababu kufikia hapo glukosi imeshagawanyika vipande viwili. Faida ni ATP 2.